Jina la Cleide

Kaka yangu Jurandir, hapa mjini Recife, alipokea kwa barua pepe marekebisho ya programu ya kompyuta aliyoisimamia. Mashine yake ilitenganisha msimbo na salamu, ikahifadhi kwenye programu jina la aliyeuandika. Robson, mtoto wa mkuu wa genge, aliitaka kazi ya Cleide, mmoja wa waandishi hao, iwe yake ili apate ajira.

“Fundi, weka jina langu,” alimwambia Jurandir, akimvunja vidole.

“Tuma mwenyewe, bwana. Mashine itasoma.”

Robson alinakili barua ya Cleide nzima, hata mstari wa juu unaomtaja Cleide. Mashine huchukua jina la mwandishi kwenye mstari huo, si la mtumaji. Jurandir aliuona, hakuufuta.

Jina la Cleide lilipotokea kwenye programu, Robson na genge la baba yake walirudi wakampiga Jurandir risasi mezani, mbele yangu. Jina bado lipo. Bwana ampumzishe kaka yangu.