Kisanduku Kilicholala na Blanketi

Kwa miaka ishirini na sita, saa mbili kila asubuhi, 'Malineo alizunguka nyuma ya zahanati ya Phororong na kufungua kisanduku cheupe cha mbao chenye miguu minne. Ndani vililala vipimajoto viwili. Kimoja kilikumbuka joto la mchana. Cha pili kilikumbuka baridi ya usiku: ndani ya kioo chake mlikuwa na pombe na sindano nyeusi, fupi kama punje ya mchele, ambayo baridi iliivuta chini na kuiacha palepale usiku ulipofikia kina chake. 'Malineo aliisoma akiwa amebana pumzi, kwa sababu pumzi ya mtu ina joto. Mumewe alisema hajaona anayebana pumzi muda mrefu namna ile, isipokuwa mwizi wa kondoo aliyejificha zizini.

Jioni, baada ya habari, redio ya Maseru, mji mkuu, ilitaja mahali palipokuwa na joto kuliko pote nchini siku hiyo, na palipokuwa na baridi kuliko pote. Joto lilikuwa la watu wa bondeni, nasi tuliwaonea huruma. Baridi ilikuwa yetu, au ya Ha Letsoela, ng'ambo ya mlima, ambako msomaji wa kisanduku alikuwa Ntate, yaani Baba, Liphapang. Rekodi ya nchi nzima ilikuwa yake kwa miaka kumi na mmoja: nyuzi kumi na nane nukta mbili chini ya sifuri. Hakuacha mtu asahau.

“'M'e 'Malineo,” alikuwa akimpigia simu, akimwita mama kwa heshima, “huko kwenu mmeshaanza kuvaa kaptula?”

Majira yale ya baridi yalikuwa ya mwisho kwa 'Malineo. Mlingoti wa chuma ulikuwa umeshasimikwa kando ya kisanduku, na tarehe mosi Agosti ungeanza kupeleka namba Maseru wenyewe, bila mtu. Hakuuchukia. Ila alitaka jambo moja kabla ya kurudisha ufunguo: redio itamke, hata mara moja, kwamba hapajawahi kuwa na baridi katika nchi hii kama ya Phororong.

Katikati ya Julai theluji ilianguka siku mbili. Alhamisi alasiri mawingu yakaondoka, upepo ukafa, na mbingu ikawa tupu na ya bluu hadi ikatisha. Kila aishiye juu anajua maana yake: usiku wa baridi kali. Simu ikalia.

“Kesho nashuka kumi na tisa, 'M'e. Wewe lala tu.”

“Lala wewe, Ntate. Mifupa yako haikubali tena mashindano.”

Asubuhi alikwenda karibu akikimbia. Alipopita kona ya zahanati alisimama. Kisanduku hakikuwa cheupe. Kilikuwa kimevishwa blanketi zito la kahawia lenye michoro ya mahindi, limefungwa mbele kwa pini kubwa, kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa kwa bibi yake. Blanketi lile alilijua. Lilikuwa la mama mkwe wake, 'Maseipati, na lilitoka sandukuni siku za harusi tu.

Mwenyewe alikuwa anakuja nyuma yake, fimbo ikitoboa theluji.

“Mama, umekivalisha kisanduku?”

“Sasa nani mwingine? Jana jioni nimetoka kuchukua dawa, nakiona kimesimama peke yake, miguu wazi kwenye theluji. Miaka yote hii unakitembelea, hujawahi kukiletea hata kitambaa.”

“Mama, kazi yake ni kupigwa na baridi!”

“Na mchungaji kazi yake ni nini? Mbona yeye ana blanketi?”

'Malineo alitaka kukasirika, akashindwa. Kwetu hakuna anayempita mwanakondoo, ndama au mlevi aliyelala nje jioni kama ile bila kumtupia kitu mgongoni. Mkono unafanya kabla kichwa hakijauliza. Alifungua pini, akalivua blanketi. Lilikuwa limeganda, aliliweka chini nalo likasimama lenyewe, kama mtu mnene asiye na kichwa.

Alifungua mlango, akabana pumzi, akainama.

Kumi na nane nukta nne chini ya sifuri.

Alisoma tena. Sindano haikusogea.

“Joto limeshuka?” 'Maseipati aliuliza.

“Limeshuka, Mama. Limempita Liphapang. Na blanketi juu!”

Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu. “Basi waambie namba, mwanangu. Blanketi mimi silijui. Sijawahi kuwa nalo.”

'Malineo alifungua daftari. Ukurasani palikuwa na safu ya maelezo. Miaka ishirini na sita alikuwa ameandika humo ukungu, mvua ya mawe, na siku moja, *punda amejikuna kwenye kisanduku*. Aliandika namba. Kisha, kwa mwandiko uleule, akaandika: *Kisanduku kilifunikwa blanketi tangu jana jioni.* Akapiga simu Maseru.

Binti wa ofisini aliandika namba, akasomewa maelezo. Halafu ikasikika sauti kama ya mtu aliyepaliwa na uji.

“'M'e, subiri. Kilivalishwa?”

“Na pini.”

“Jamani! Sasa 'M'e, hiyo haiingii kwenye rekodi. Nje ya blanketi ilikuwa ngapi?”

“Ya nje aliisoma Mungu peke yake.”

Jioni redio ilisema baridi kali kuliko zote ilikuwa Ha Letsoela, kumi na saba nukta tisa. Mtangazaji akaongeza kwamba namba ya Phororong haikuhesabiwa, kwa kuwa kisanduku chao kililala na blanketi la bibi, na hata hivyo kili... Hakumaliza. Nchi nzima ilimsikia akicheka hadi wakaweka muziki. Kufika kesho yake mchana 'Maseipati alikuwa anapokea salamu mlangoni kama mke wa chifu.

Jumapili Liphapang alivuka mlima juu ya farasi. Hakushuka kwanza.

“Yuko wapi bibi aliyeninyang'anya usingizi?”

“Shuka ule,” 'Maseipati alimjibu. “Unatetemeka. Nikuvalishe?”

Alishuka akicheka, akafungua furushi nyuma ya tandiko. Lilikuwa blanketi jipya, lebo ya duka bado inaning'inia.

“'M'e 'Malineo, changu kimeshika rekodi kikiwa uchi. Chako kimekipita kikiwa kimevaa. Mimi sina mdomo tena.” Akamwekea mabegani, akalifunga kwa pini mbele, polepole, mbele ya watu wote waliokuja kusalimia, kama anavyovishwa mtu aliyefika penye heshima yake.

Asubuhi, kabla mgeni hajaondoka, walikwenda kisandukuni pamoja. Wakafungua mlango, wakainama bega kwa bega, wote wawili wakabana pumzi.

“Mmekufa humo?” bibi aliuliza nyuma yao.

Wakapasuka kwa kicheko usoni pa kioo. Pombe iliyomo ndani ikapanda kidogo kwa joto lao. Sindano nyeusi ikabaki palepale usiku ulipoiacha.