Mulango Uliotugombanisha

Mwaka muzima mulango wa gari yangu ulinitesa. Tundu la visi moja, musumari ule wa kuzungusha, lilikuwa limelika, ile plastiki ya ndani ikalegea, na kwa barabara zetu za Bukavu ikawa inatetemeka kwa kelele kama meno ya mugonjwa wa malaria. Mimi na bibi yangu wa ndoa tulisemezana kwa kufoka, na tukishuka tulikuwa tumenuniana. Kila fundi alikaza visi kubwa zaidi. Wajinga! Tundu likazidi kupanuka, nami, mujinga kuliko wao, nikawashukuru.

Bibi yangu ndiye alinipeleka Cimpunda, kwa maman anayeziba mabeseni yaliyopasuka. Yule maman akacheka.

"Papa, tundu haitaki visi kubwa. Inataka nyama."

Akatia musumari katika makaa, akayeyusha kipande cha beseni jekundu, akajaza tundu. Ilipopoa akatoboa upya, padogo. Visi ndogo ikaingia, ikashika.

Tukiwa njiani kurudi, bibi yangu akaniuliza kitu. Nikamujibu kwa kufoka, kama kawaida.

"Papa, mbona unanipigia kelele? Gari iko kimya."

Nikasikiliza. Kweli. Kumbe mwaka muzima hatukuwa tunagombana.