Mkono wa Kumvalisha Bibi Harusi

Duka langu la kukodisha magauni ya harusi lilikuwa Kitale, chumba kimoja na kioo kirefu. Magauni nilishona mwenyewe, na siku ya harusi nilienda kuwavalisha mabibi harusi. Miaka ile saiba za intaneti zilikuwa zikifunguliwa kila kona, nami nikataka tovuti ili mabinti wa Bungoma wanijue. Nikampata kijana wa kompyuta kutoka Kibomet. Ati huwezi kutengeneza tovuti kabla hujamuuliza mteja anataka nini. Haya, nikamwambia aulize.

Akawauliza wateja wangu pale pale dukani, mimi nikiwa nyuma ya pazia napiga pasi. Nilidhani watataja bei na rangi. Walisifu magauni, kweli, wakasema hakuna fundi kama mimi. Kisha mmoja akashusha sauti: anayekuvalisha siku hiyo lazima awe mke wa mtu, na yule mama ni mjane, atakuletea mkosi kwenye ndoa. Wenzake wakaitikia. Na ni mabinti wa kwaya ya kanisa hao! Washindwe kabisa.

Kijana hakupepesa macho. Akasema mteja anataka kuona mke mwenye bwana, basi aonyeshwe. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, alikuwa na bwana huko Matisi. Mlevi, mwenye ngumi, lakini bwana. Akapigwa picha ya tovuti dukani mwangu, ameshika shela niliyoishona mimi, anatabasamu. Mimi sikuwekwa hata pembeni. Na wifi hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, bana.

Biashara ikafunguka, siwezi kudanganya. Simu zilipigwa kutoka Bungoma mpaka Lugulu, wote wakimtaka yule mama wa kwenye picha. Wifi akawa anaenda kuvalisha, mimi nabaki na cherehani. Nilimchukia. Nilijiambia nina binti mmoja, na huyo nitamvalisha mimi, wapende wasipende.

Binti yangu akachumbiwa Bungoma. Gauni lake nililishona kwa mkono, shanga moja moja. Siku ya kulijaribu nilimfunga vifungo vya mgongoni, naye akanitazama kupitia kile kioo.

"Mama, usikasirike. Siku ya harusi, si uache shangazi anivalishe?"

Nikamuuliza kama wakwe ndio wamesema. Akasema hapana, ni yeye mwenyewe anaogopa.

Siku ya harusi nilikaa sebuleni na kopo la pini mapajani, mlango wa chumba umefungwa. Baadaye wifi akatoa kichwa, akaniuliza vile vifungo vinaanza kufungwa juu ama chini.