Betri za Mama Mshona Nguo

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Hapana, tisini na mbili, nilikuwa nimeshahamia Sinza. Jirani yangu, mama mshona nguo, aliachiwa na mwanawe baharia gemu la mkononi la Kijapani, fumbo lake la kupanga vijumba akiwa ameliacha nusu. Baadaye barua za mwanawe zikakoma. Kila alasiri alianua betri zilizoisha alizoanika juani zipate nguvu kidogo, akaliwasha gemu. Liliuliza swali la Kijapani lenye majibu mawili, naye akabonyeza la juu, kama mwanawe alivyomwonyesha, fumbo likatokea palepale lilipoachwa.

“Cheza basi, mama,” nilimtania.

“La mwanangu hili. Atakuja kulimalizia mwenyewe.”

Siku moja kidole chenye chaki kikateleza, kikabonyeza la chini. Vijumba vyote alivyopanga mwanawe vikafutika. Akalifunga gemu kwenye kitambaa, akaendelea kushona.

Kesho yake jua lilikuwa kali. Nikamuuliza: “Mama, leo huaniki betri?” Akavuta kitambaa kingine, akaendelea kushona.