Bakuli Lililorudi Jeupe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, basi la kwenda Singida liliposimama Iguguno na konda akanipitishia bakuli langu dirishani. Nilifungua mfuniko palepale barabarani. Lilikuwa jeupe pee. Wewe ukisikia hivyo utadhani nilifurahi, kumbe mimi nililifunika haraka, watu wasilione.

Ngoja nikueleze kwa nini. Mume wangu, Baba Neema, alifanya kama wanaume wengi wa kwetu: alizeti ikishavunwa anakwenda Sekenke kuchimba dhahabu, mvua zikikaribia anarudi shambani. Mimi nilibaki na mtoto na mama mkwe. Kila nilipopata kuku wa kumpikia nilimpika kwa nyanya na binzari nyingi, mafuta ya alizeti yanaelea juu, nikajaza bakuli la plastiki na kulituma kwa basi. Bakuli lenyewe nilipewa na shangazi siku ya harusi yangu, na nililipenda kupita kiasi. Lakini kila likirudi lilikuwa la njano kuanzia chini hadi ukingoni. Nilisugua kwa mchanga, nikasugua kwa stili waya, na ile rangi ikazidi kung'ang'ania. Siku moja mume wangu yuko nyumbani nikamlalamikia kwamba bakuli la shangazi limekwisha. Alikuwa anakula, hata kichwa hakuinua.

Sasa limerudi jeupe. Mimi niliyekuwa na sabuni na maji nimeshindwa, halafu huyu ambaye akiosha kikombe anakiacha na majani ya chai, yeye ameweza? Nikajiambia Sekenke kuna mwanamke, tena anajua kazi kuliko mimi. Nikaanza hata kumtengenezea sura. Alikuwa mrefu, maji ya kunde, na ana mwanya. Wivu ukikushika, mwanangu, unaona hata ambayo hayapo.

Sikumwambia mtu. Nilipika kuku mwingine tukamla wenyewe nyumbani, na bakuli nikalisukuma chini ya kitanda. Mwisho nikafunga nguo zangu niende kwetu Kinyangiri, nisirudi. Mama mkwe akanikuta mlangoni, mtoto mgongoni na mzigo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza safari ya wapi. Nikamweleza yote huku nalia. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akimtetea mwanawe, lakini hakumtetea.

"Umemuuliza?" akasema.

"Nimuulize nini, mama, na bakuli limeshanionyesha?"

"Bakuli si mtu. Mtu yuko Sekenke, na ana mdomo. Niachie mtoto, kapande gari umuulize. Akikujibu vibaya, mzigo huo nitakubebea mwenyewe mpaka kwenu."

Basi nikaenda. Gari lilipoanza kushuka ule mteremko wa Sekenke moyo wangu ulitangulia mbele, maana nilijua jioni hiyo ama nina mume ama sina. Baba Neema aliponiona nimevimba macho alidhani nimeleta habari ya msiba. Sikumpa nafasi hata ya kunikaribisha. Nilimuuliza ni nani anayemwoshea vyombo.

"Vyombo?" akasema. Kisha akanishika mkono tukazunguka nyuma ya kibanda chao cha mabati. Juu ya paa walikuwa wameanika mabakuli yao ya plastiki, yake na ya wenzake, yote yametazama jua. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na vyombo vya wachimbaji tu, na maganda ya ndimu.

Akaanza kunifundisha, tena kwa majivuno kidogo. Kwanza futa mafuta yote kwa karatasi au kwa pumba kavu, maana mafuta ndiyo yanayoshika rangi ya binzari. Ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Halafu kata ndimu, itie chumvi kidogo, upake ndani ya bakuli polepole, na ulianike lingali na unyevu, jua liingie mpaka chini. Rangi ikibaki, rudia kesho yake. Mchanga na stili waya yaachie masufuria, kwa sababu plastiki ikikwaruzika mchuzi unaingia kwenye mikwaruzo na kukaa humo. Akaniambia bakuli la shangazi nilikuwa nikiliharibu kwa mikono yangu mwenyewe, akacheka.

Nikamuuliza ni nani aliyemtuma kuhangaika hivyo.

"Wewe," akasema. "Ulilalamika. Na mchuzi nakula mimi."

Kumbe siku ile alinisikia. Nililia tena, safari hii kwa aibu, na wenzake wakajifanya wana kazi ya kufanya upande mwingine. Kesho yake nilirudi Iguguno nikafungua mzigo wangu, na mama mkwe akanirudishia mtoto.

Baba Neema amefariki, mwanangu, miaka imepita. Ninamkumbuka sana. Siku hizi naosha vyombo vyangu vile alivyonifundisha, na vinatakata, ila hakuna wa kumtumia. Na kuna mambo sikumuuliza. Jioni alikuwa akikaa nje kimya akitazama barabara, nami nikipita na ndoo yangu, nikijua moyoni kwamba amechoka. Labda hakuwa amechoka. Labda alikuwa na neno. Ningepewa leo nimsikie akinijibu hilo moja tu, hata kwa mkato kama kawaida yake, ningetoa shamba zima la alizeti.

Ninyi mna simu, na bado mnahukumiana kwa tiki za bluu. Ameona hakujibu, yuko hewani anaongea na nani, na kabla ya jua kuzama mtu ameshafunga mzigo. Nisikilize. Doa la mchuzi utalitoa kwa ndimu na jua, haraka ya nini. Lakini mtu wako usimsome kwa alama, muulize kwa mdomo, mkiwa mmekaa, na umwache amalize kusema. Muulize hata pale unapodhani unajua. Muulize angali yupo.

Mungu akupe nyumba yenye mtu wa kumuuliza, mwanangu, na akuwekee mtu huyo miaka mingi, kila ukimwita aitike.