Jaa Lililopata Wachumba

Jirani yangu Kavindu haogopi mtu mwenye tai. Mimi ni fundi cherehani, nashona mlango wa pili kutoka hoteli yake pale ukingoni mwa Dagoretti, na miaka yote niliyokaa hapa sijamsikia akipaza sauti. Akikukasirikia anaongeza tu pilipili kwenye ndengu zako, kisha anakuacha ujihoji mwenyewe umemkosea nini.

Hoteli yenyewe ni ya mabati, benchi zake zimeng'arishwa na makalio ya wafanyakazi wa kichinjioni. Kavindu aliianza alipoachishwa kazi ya nyumba kule Karen kwa matajiri. Mwajiri wake alihamia ng'ambo, akamwachia sufuria mbili na kisu kizuri. Kwa sufuria hizo amesomesha watoto watatu, na kitindamimba wake sasa yuko chuo cha uuguzi. Mume alikuwepo, lakini huyo alifaa zaidi kuhadithiwa kuliko kuishi naye.

Mbele ya hoteli kunapita mtaro, na mtaro huo ndio mpaka wa kaunti mbili. Majina sitayataja, nina leseni yangu ya kulinda. Tuliko sisi nitapaita Kaunti ya Huku, na ng'ambo ya mtaro Kaunti ya Kule. Juu ya mtaro palikuwa na jaa la taka lililojiketia kama bibi harusi, kalio moja huku, kalio jingine kule. Kwa miaka Huku walisema jaa ni la Kule, na Kule wakasema ni la Huku. Sisi tulisema linanuka.

Halafu tukasikia wakubwa wamekutana katika hoteli ya maana katikati ya jiji, wakatia sahihi mkataba wa ushirikiano. Taka hazijui mipaka, walisema, kwa hiyo kaunti zitazoa pamoja na kuzigeuza kuwa bidhaa pamoja. Tulifurahi, wajinga sisi. Hatukujua kwamba tangu siku hiyo lori la Huku lisingewasha injini bila la Kule, na la Kule lingengoja la Huku. Badala ya malori tuliletewa kamati.

Kamati ilikuwa watu wawili. Huku walimtuma Ridhaa, ambaye babu yake alitoka Lamu, na Kiswahili chake ni laini hivi kwamba akikunyima kitu unamshukuru. Kule walimtuma Wahu, mwanamke mwenye viatu visivyofaa kwa barabara yetu na ulimi unaofaa popote. Walikuja kila wiki, wakabana pua, wakatazama jaa.

"Hii ni changamoto ya pamoja," alikuwa akisema Ridhaa.

"Ya pamoja kabisa," alikuwa akiitikia Wahu.

Kisha waliingia kwa Kavindu kula chapati. Huo ndio ushirikiano tuliouona kwa macho.

Siku moja akaja bwana afya, naye ni mtu wa Kaunti ya Huku, hao hao wenye kalio moja la jaa. Alipima kwa macho toka jaa mpaka mlango wa Kavindu, akatikisa kichwa. "Mama, mwisho wa mwezi nikirudi nipate hii takataka bado iko hapa, nafunga hoteli. Si mimi, ni sheria."

Kavindu alimhudumia chai. Alipoondoka, mama wa watu akaja akaketi kwenye kiti changu cha wateja. "Fundi, wakifunga hapa nimekwisha. Sijui kazi ingine, na mtoto amebakisha mwaka mmoja." Sauti ilikuwa ndogo, si yake. Iliniuma sana. Nikamwambia tulichome jaa, akanijibu kwamba moshi wa nepi ukiingia kwenye chapati hautoki.

Kisha akaniuliza swali la ajabu. "Fundi, wewe ulianza kumtaka bibi yako lini?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwona akiteka maji pale bomba la mtaani miaka miwili bila kumjali, mpaka mwalimu mmoja alipoanza kumbebea ndoo. Wiki hiyo hiyo nilinunua shati jipya. Kavindu akacheka mpaka akajishika mbavu, akarudi jikoni.

Hoteli ilikuwa na mteja aitwaye Sunny, kijana wa Kisingasinga kutoka Muthangari. Familia yake ina karakana inayosaga plastiki kuukuu na kutengeneza mabeseni. Hali nyama, na anavuka mitaa kwa ajili ya ndengu za Kavindu. Huyo ndiye aliyeitwa.

"Mama, hiyo takataka imechanganyika, haina faida kwangu," alisema.

"Nani amesema ununue? Kuja tu utazame. Vaa poa."

Siku ya kamati Sunny alifika na kilemba kipya, glavu nyeupe na mizani ya kuning'iniza. Akazunguka jaa polepole. Akaokota chupa, akaipandisha juu, akaitazama jua likipenya ndani. Akapima, akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Ndani ya hoteli, Ridhaa alisahau chapati mdomoni.

"Mama, yule bwana ni nani?"

"Sijui, baba. Mimi ni mtu wa chapati tu. Nilisikia tu akiuliza kama wale wa Kule watampa yote."

Dakika chache baadaye Wahu alifika jikoni kuomba chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mezani. Naye akaambiwa siri yake, ya kwamba Huku huenda wameshaongea. Akatoka na viatu vyake mpaka kwenye jaa.

"Wewe, unapima nini?"

"Madam, natazama tu."

"Nani amekutuma utazame?"

"Mwenyewe akijulikana, tutaongea," alisema Sunny, na hapo hakudanganya hata kidogo.

Kesho yake, kabla sijafungua duka, lori la Huku lilikuwa limeshafika. La Kule lilikuja nyuma yake likipiga honi. Ridhaa na Wahu wakasimama juu ya mtaro, kila mmoja upande wake.

"Bibi Wahu, kwa heshima zako, sehemu kubwa ya jaa hili iko kwetu."

"Kubwa aje? Hizo nepi zote zimetoka kwa ploti zetu. Uliza mtu yeyote."

Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Wakati wakubwa wakibishana, vijana wao walipakia kwa mbio, kila upande ukiogopa kuachwa. Walizoa chupa, walizoa majivu, wakakwangua hata mtaro. Kufikia mchana maji yalikuwa yanapita, jambo ambalo watoto wa hapa hawakuwa wamewahi kuliona.

Bwana afya aliporudi alisimama pale akitafuta jaa kwa macho, kama mtu aliyepoteza kazi. Mwishowe akaagiza chapati mbili. Kavindu aliingia nyuma ya jiko, akarudi macho yamelowa, akasingizia vitunguu. Siku hiyo hakuwa amekata kitunguu hata kimoja.

Lakini uvumi ukianza hauambiwi basi. Mtaa mzima ulisikia kwamba kaunti mbili zimepigania taka, na hakuna aliyekubali tena kuipa serikali mali ya bure. Watu walificha chupa chini ya vitanda, wakaweka madebe juu ya kabati. Kila asubuhi wanawake walimuuliza Kavindu, "Yule Singasinga anakuja lini?" Akachoka, akampigia Sunny simu.

Sunny alikuja na pikapu na mizani kubwa. Safari hii plastiki ilikuwa imetengwa na kuoshwa, kwa hiyo alinunua kweli. Akatundika mizani mbele ya hoteli, foleni ikajipanga na magunia, nzi nao wakafika.

Kavindu akatoka na mwiko mkononi. "Sunny, kijana wangu. Hapa mlangoni kwangu?"

"Mama, si ni wewe umeniita?"

"Nimekuita, ndiyo. Lakini hizi vitu peleka upande ule." Akanyoosha mwiko ng'ambo ya mtaro, Kaunti ya Kule.

Sunny alinitazama mimi. Mimi nikatazama cherehani yangu. Akafungua mizani, akaivusha, na foleni yote ikamfuata. Saa ya chakula Kavindu alimpelekea ndengu huko huko, zisizo na pilipili nyingi.