Ukuta wa Besimenti ya Bi Shamsa

Siku yangu ya kwanza ya udalali wa nyumba, meneja alininusa koti. Ofisi ilikuwa Mississauga, mtaa wa kando ya Ziwa Ontario, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na asubuhi ile nilikuwa nimekaanga samaki. "Hapa hatuuzi matofali," akaniambia. "Tunauza Jumamosi asubuhi: kahawa, mbwa, matembezi ufukweni. Nyumba isinuke maisha ya mtu mwingine." Nilikasirika, lakini nilikuwa na watoto watatu, nikameza.

Basi nikajifunza. Kabla ya siku ya mlango wazi, yaani ile Jumapili wateja wanapoingia bila miadi, mwenye nyumba anaondoka na mbwa wake na picha zake za harusi. Ukutani rangi ya kijivu, mezani bakuli la malimau ambayo hakuna atakayeyakamua. Msiniulize kwa nini malimau. Nyumba za karibu na ziwa ziligombaniwa, watu wakiacha hata sharti la ukaguzi, ambalo humruhusu mnunuzi kujitoa fundi akikuta kasoro. Nilikuwa hodari, tena mwenye kiburi kidogo.

Halafu ukaja mwaka benki zilipoyumba, simu zikanyamaza. Ndipo nikakabidhiwa nyumba ya Bi Shamsa, mjane wa Tanga, mama mtu mzima. Alikuwa ameshafunga mkataba wa fleti North York, jengo moja na binti yake, na nyumba isipouzwa kabla ya mwisho wa mwezi, fleti ingempotea. Wiki sita hakuna mteja aliyerudi mara ya pili.

Tena kulikuwa na jambo. Theluji ikiyeyuka, ukuta mmoja wa besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, ulipitisha maji. Meneja alipouona alisema, "Paka rangi. Wakiuliza, jibu. Wasipouliza, nyamaza." Nikapaka kwa mkono wangu. Bi Shamsa alisimama kwenye ngazi akinitazama.

"Mwanangu, na huyo atakayekuja kulala humu?"

"Bi Shamsa, fleti unaitaka au huitaki?"

Akapanda zake juu. Naona aibu mpaka leo.

Jumapili nilimwambia aende kwa binti yake. Nikachelewa kidogo nikisimika vibao barabarani, na nilipofungua mlango harufu ya iliki ikanipokea. Malimau yalikuwa yameshakamuliwa, yamo kwenye jagi. Wageni tisa wamekaa, viatu mlangoni, kila mtu na andazi lake.

"Nimeshindwa," akasema Bi Shamsa. "Watu waingie kwangu watoke midomo mikavu? Sikulelewa hivyo."

Kisha akaendelea kuwaeleza wageni, kwa Kiingereza chake cha polepole: maji yanaingia upande gani, mwezi gani, ndoo ngapi. "Huyu binti amepaka rangi, kazi nzuri," akawaambia, "lakini maji hayajali rangi."

Nikakaa kwenye ngazi. Wageni wakashukuru, wakavaa viatu, wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki bwana mwenye duka la miwani, Mhindi mzaliwa wa Mwanza.

"Bibi, nionyeshe huo ukuta," akamwambia kwa Kiswahili.

Walikaa huko chini muda mrefu. Alipopanda alinigeukia mimi. "Nimetazama nyumba kumi na moja. Zote kavu, kwa maneno ya madalali. Hii nitailetea fundi aitazame, angalau najua naziba nini."

Siku tatu baadaye akasaini, akiwa amepunguziwa bei kwa ajili ya ule ukuta. Meneja alisema ni bahati. Mimi nililia ndani ya gari, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Bi Shamsa alihamia na masufuria yake North York, siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Niliendelea na udalali hadi bei zikapanda tena, na malimau niliyaweka kama kawaida. Ila kasoro ya nyumba niliitaja mwenyewe, kabla sijaulizwa, na wateja wengine nikawakosa. Nanyi mnaoanza sasa mtawakosa. Nimestaafu. Kila theluji inapoanza kuyeyuka na maji kutiririka kwenye mifereji ya paa, naukumbuka ule ukuta, nakumbuka kwamba anayeishi pale anaujua, nami najimiminia chai nyingine.